Uzi Uliobandikwa Kwenye Lipu

Kazi yangu ni kubandika nyuzi za kioo kwenye madaraja. Nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa hiyo siku hizi nasema tu kwamba nafanya kazi za faiba, nao wanaelewa kwamba nafunga intaneti. Mama yangu mdogo, anayeuza nyanya na vitunguu sokoni Kilosa, aliwaambia wenzake kwa miezi kadhaa kwamba ningewaletea intaneti mpaka kwenye meza zao. Sikumsahihisha. Nilikuja kumweleza ukweli siku niliyofunga daraja na matenga yake ya nyanya yakabaki upande wa pili wa mto.

Nilizaliwa Kilosa mjini. Babu mzaa baba alikuja kukata mkonge, na mashamba yalipofungwa hakuona sababu ya kurudi kwao. Upande wa mama ni watu wa milimani, Mamboya, waliosomeshwa na misheni na kuamini kwamba mtoto asiyejua hesabu hajalelewa vizuri. Nilisomea ufundi wa umeme, nikaajiriwa na timu ndogo iliyokuwa na ofisi Morogoro. Mkuu wetu alikuwa mwalimu wa chuo, mtu mpole, mwenye tabia ya kujibu simu kwa kunyamaza kwanza. Alipopata kibali cha kujaribu nyuzi zetu kwenye daraja moja la zege katika barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, alinituma mimi kwa sababu nilikuwa na pa kulala.

Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele. Ndani yake zimechongwa alama ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwanga ukipitishwa kila alama hurudisha rangi moja tu. Uzi ukivutwa hata kidogo sana, rangi inayorudi hubadilika. Kwa hiyo ukiubandika uzi kwenye mhimili wa daraja, lori likipita na mhimili ukapinda kidogo, uzi nao unarefuka, na mashine inakuambia umerefuka kiasi gani na mahali gani. Daraja halivunjiki ghafla bila kusema. Husema kwa muda mrefu, ila kwa sauti ambayo sikio halisikii.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye vitabu. Kazi ya timu yetu haikuwa kubuni uzi, maana uzi ulishabuniwa zamani na watu wa mbali. Kazi ilikuwa kuufanya udumu na useme kweli chini ya jua letu. Joto lilitusumbua kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu uzi hurefuka kwa joto vilevile kama unavyorefuka kwa mzigo, na mashine haijui tofauti. Dawa yake ni kuweka uzi wa pili ambao haukubandikwa popote, umelala tu ndani ya mrija. Huo unasikia joto lakini hausikii mzigo. Unachukua ulichosema wa kwanza, unatoa ulichosema wa pili, kinachobaki ni daraja. Kisha kulikuwa na nyani. Mirija yetu ya kwanza ilikuwa ya rangi ya machungwa, na nyani wa upande wa Mikumi waliitafuna wiki ya kwanza. Tukaleta ya kijivu, wakaiacha.

Siku ya kubandika nilisimama kwenye jukwaa la mbao chini ya daraja tangu asubuhi. Nilisugua ubavu wa mhimili kwa msasa, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, nikapaka gundi, nikalaza uzi na kuushikilia mpaka ukakamata. Ubavu ule ulikuwa laini sana. Nilifurahia ulaini wake kwa sababu gundi ilitandaa vizuri. Mtu aliyezoea zege la zamani angejiuliza umelainika vipi, lakini mimi ni mtu wa umeme, sikujiuliza. Uzi wa joto niliulaza chini ya mhimili, kivulini, ambako palikuwa rahisi kufika.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kila asubuhi nilipanda bodaboda kwenda darajani, nikafungua sanduku la mashine, nikasoma, nikatuma Morogoro. Malori ya miwa, ya mbao, ya mahindi yakipita niliona vilima vidogo kwenye laptopu, kila lori na kilima chake.

Halafu mwezi wa tatu, mchana mmoja wa jua kali baada ya mvua ya siku mbili, alama moja katika mhimili wa upande wa magharibi ilipanda. Haikupanda kama kilima cha lori. Ilipanda na kuendelea kupanda, ikavuka mstari mwekundu tuliouweka sisi wenyewe. Nilimpigia mkuu. Akanyamaza kwanza.

"Umeangalia joto?" akauliza.

"Nimetoa joto. Bado iko juu."

"Basi funga kwa magari mazito. Ndivyo tulivyokubaliana na wenye barabara. Usisubiri."

Nilikwenda kwa mtendaji wa kata, yeye akawapigia polisi, na saa tisa alasiri malori yalikuwa yamepanga foleni pande zote mbili. Pikipiki na magari madogo yaliruhusiwa. Nyanya za mama mdogo zilikuwa kwenye Fuso upande wa Mikumi pamoja na za wenzake. Wengine walikodi bodaboda kuvusha tenga mojamoja. Siku ya pili nyanya za chini zilianza kutoa maji.

Nilimkuta mama mdogo jikoni jioni ile, nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kugeuka.

"Hivi ile intaneti," alisema, "ndiyo inayofunga madaraja?"

Nikamweleza kila kitu, tangu uzi mpaka mstari mwekundu. Alisikiliza huku akimenya ndizi. Mwisho akauliza swali moja: "Wewe mwenyewe umeliona daraja likiwa bovu, au umeona mashine tu?"

Nilikuwa nimeona mashine tu.

Siku ya tatu mkuu alikuja na lori la kokoto lililopimwa kwenye mizani. Tuliliendesha polepole darajani, likasimama katikati, likaondoka, likarudi. Alama nyingine zote zilipanda na kushuka kama zilivyotakiwa. Ile iliyotutisha haikutikisika hata kidogo. Lori zima la kokoto lilipita juu yake nayo ikakaa kimya, lakini jua lilipoupiga ubavu wa mhimili saa nane ikaanza kupanda tena.

Mkuu alifunga laptopu. "Haisikilizi daraja," alisema. "Gundi imeachia. Fungueni."

Hakunilaumu mbele ya watu. Lakini madereva waliokuwa wamelala chini ya magari yao siku mbili walinipigia makofi nilipopita, na mmoja akasema kwa sauti, "Asante, injinia wa jua." Jina hilo lilinifuata mpaka sokoni. Nilitamani sana kurudi Morogoro na kupewa kazi ya kutengeneza chaja.

Badala yake nilirudi darajani kubandua ule uzi, kwa sababu nilitaka kuona gundi imeachia wapi. Haikuwa imeachia. Nilivuta kwa koleo na gundi ikashika kama jino. Nilikuwa nimekaa kwenye jukwaa nikiitazama nilipoona mtu amesimama chini kando ya maji, ameshika baiskeli. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye mwiko na kamba ya kupimia vimefungwa kwenye kapu la nyuma.

"Shikamoo, fundi," nilisema, maana vifaa vyake vilimtambulisha.

"Marahaba, injinia." Alitazama juu barabarani kuona kama kuna mtu, kisha akasema, "Pale ulipobandika uzi wako si daraja."

"Ni nini?"

"Ni lipu yangu."

Aliegemeza baiskeli akapanda jukwaani. Alitoa nyundo ndogo akagonga ubavu wa mhimili hatua chache kutoka kwenye uzi. Ikalia kwa sauti nzito, ya kitu kilichojaa. Akagonga palepale penye uzi. Ikalia kama unagonga mtungi. Akaendelea kugonga, akichora kwa chaki mahali sauti ilipobadilika, mpaka kukawa na umbo kubwa kama ramani ya wilaya, na uzi wangu katikati yake.

Ndipo akanieleza, kwa maneno machache. Miaka mingi nyuma kuna mkandarasi mdogo aliyepewa kazi ya kurekebisha daraja lile. Kampuni yake haipo tena na mwenyewe amefariki. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Mafundi waliitwa Jumamosi, wakaambiwa wapige lipu ubavu wa mhimili na kupaka chokaa ya saruji, pawe pasafi. Yeye aliona nyufa. Aliuliza, akaambiwa nyufa zitashughulikiwa baadaye, yeye apige lipu.

"Nikapiga," alisema. "Nilipiga vizuri. Ningepiga vibaya ingeanguka zamani na watu wangeona."

Nilielewa kilichotokea. Maji ya mvua yaliingia nyuma ya lipu, ikaachana na zege. Jua la mchana likiipiga, ilivimba na kutanuka peke yake, ikaunyoosha uzi wangu. Uzi wa joto ulikuwa kivulini chini ya mhimili, haukujua lolote. Mashine haikudanganya. Ilisema kweli kuhusu lipu.

"Kwa nini unaniambia leo?" nilimuuliza.

"Nilisikia wanakuita injinia wa jua." Alifuta chaki kwenye suruali. "Sasa utaandika jina langu?"

Nilisema tubomoe kwanza tuone. Nikaomba ruhusa kwa simu, mkuu akanyamaza, akakubali. Fundi alibomoa lipu yake mwenyewe kwa tindo, taratibu, akianzia kwenye kingo. Ilidondoka mapande makubwa ndani ya mto. Chini yake zege lilikuwa la kijivu na lenye mashimo ya kokoto, na nyufa tatu zikipanda kutoka chini ya mhimili. Ukucha uliingia kwenye ule wa katikati. Pembeni yake palikuwa na doa la kutu.

Mkuu alikuja siku iliyofuata akapiga picha. Alipouliza niliyajuaje hayo, nilisema fundi mmoja wa hapa alinionyesha. Aliuliza kama tuandike jina lake. Nikamweleza habari yote, na yeye akafikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Andika fundi wa eneo," alisema. "Aliyeamuru hayupo. Na huyu tukimtia kwenye karatasi, mwingine hatakuja kutuambia tena."

Sijui hata leo kama tulifanya sawa. Nilipomwambia fundi, hakuonyesha furaha. Alisema tu, "Haya," kisha akauliza kama tunahitaji mtu wa kuandaa zege kabla ya kubandika. Tulihitaji.

Tuliyoyabadilisha baada ya hapo ni mambo madogo, ila nikiulizwa kuhusu kazi yangu ndiyo ninayoyataja kwa fahari. Hatukubandika tena juu ya uso wowote bila kuugonga kwanza. Fundi alichonga mfereji mwembamba kwenye zege lenyewe, upana wa penseli, ukavuka nyufa zote tatu, na uzi ukalala ndani yake, gundi ikaujaza. Uzi wa joto tuliuweka kwenye mrija ndani ya mfereji wa pili pembeni kabisa ya ule wa kwanza, upande uleule wa jua. Na usomaji wa kulinganisha siku na siku tukaufanya alfajiri, kabla zege halijapata moto na kabla magari hayajaanza. Fundi alikuwa mgumu kuridhika. Mara mbili alinikatalia nisipake gundi kwa sababu mfereji ulikuwa na vumbi ambalo mimi sikuliona.

Tulilipitisha tena lori la kokoto. Safari hii alama ya kwenye ufa wa katikati iliruka juu kuliko zote, lori lilipotoka ikarudi chini. Mkuu alisema maadamu inarudi, tuna muda. Aliandika ripoti, akaomba daraja litengenezwe. Ripoti ikaenda inakokwenda.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Barabara nyingine ilikatwa na maji, na malori mazito ambayo hayakuwa yakipita kwetu yakaanza kupita kwetu. Alfajiri ya kwanza alama ya ufa wa katikati ilikuwa juu kidogo kuliko jana yake. Nikadhani ni baridi. Alfajiri ya pili ikawa juu zaidi. Ya tatu pia. Magari hayajaanza, jua halijatoka, uzi wa joto umetulia, na ufa haurudi ulikokuwa. Nilikwenda kumchukua fundi kwake, tukashuka chini ya daraja kwa tochi. Aliweka ukucha, kisha akaweka ncha ya kisu cha kukatia chokaa. Ikaingia.

Nilimpigia mkuu. Alinyamaza, nami kwa mara ya kwanza sikusubiri amalize kunyamaza.

"Nafunga," nilisema.

"Una uhakika? Unakumbuka mara ile."

"Nimeliona daraja. Sijaona mashine tu."

"Funga," alisema.

Mtendaji wa kata alikuwa akinywa chai. Aliponiona na kusikia, aliweka kikombe chini. "Dada yangu, wataniua," alisema, lakini alivaa koti la mvua akaja.

Lori la kwanza kusimamishwa lilikuwa Fuso la mahindi. Dereva alishuka, mtu mnene mwenye taulo shingoni, akanitambua.

"Injinia wa jua! Leo kuna mvua, unafunga kwa nini?"

Wenzake wawili walicheka. Nilikuwa nimeandaa maelezo, ya alama na alfajiri na uzi wa joto, na nikaona yote hayatafaa. Nikamwambia, "Njoo uone. Ukishaona ukitaka kupita, mwambie mtendaji mwenyewe."

Tulishuka kwenye tope, yeye, mimi na fundi. Fundi alimulika tochi kwenye ufa. Kwa sababu ya mvua ufa ulikuwa umejaa maji. Juu yetu pikapu yenye magunia machache, tuliyokuwa tumeiruhusu, ilianza kuvuka. Ilipofika katikati, maji yalijitokeza kwenye ufa, matone mfululizo kama jasho kwenye paji la uso, yakateremka. Ilipopita, matone yakakoma na kipovu kidogo kikanyonywa ndani.

Dereva alisubiri gari jingine dogo lipite, akatazama tena. Kisha akamuuliza fundi, si mimi, "Na mimi nina magunia mia?"

"Na wewe una magunia mia," fundi alisema.

Alipanda juu akageuza lori. Nilimsikia akiwaambia wenzake, kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa, kwamba anayetaka kufa apite. Hakuna aliyepita. Siku ileile mchana tulifunga hata magari madogo.

Daraja lilifungwa kwa wiki kadhaa. Ulikuwa wakati mgumu, siufichi. Watu walivuka kwa miguu wakibeba mizigo vichwani, wagonjwa walivushwa kwa machela hadi gari la upande wa pili, na mama mdogo aliacha nyanya akauza maharage kwa muda, kwa sababu maharage hayaozi njiani. Hakunilaumu. Aliwaambia wenzake kwamba daraja limepasuka na mtoto wake ameliona kwa macho. Mafundi wa barabara waliweka nguzo za chuma chini ya mhimili, wakauinua kwa jeki, wakachimba kutu, wakafunga nondo mpya na kujaza nyufa kwa gundi nzito. Nyuzi zetu mbili zilikatika katika kazi hiyo. Zilizobaki ziliwaonyesha mhimili ulivyokuwa ukipanda chini ya jeki, nukta kwa nukta, na mhandisi wao, ambaye mwanzoni hakutaka laptopu yangu karibu, akawa ananiita kila baada ya mipigo michache ya jeki: "Sasa?" Nami nasema, "Bado." "Sasa?" "Hapo hapo, simama."

Fundi aliajiriwa na kikosi kile kwa kipindi chote cha matengenezo. Walimpa kazi ya lipu mwishoni, ya kumalizia uso. Aliikataa. Aliomba kuchonga mifereji ya nyuzi mpya, akaichonga, minne, iliyonyooka kuliko ile ya kwanza.

Daraja lilifunguliwa siku ya kawaida tu, bila sherehe. Mtendaji aliondoa kamba iliyozuia njia, malori yakapita. Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku la mashine nikitazama vilima vidogo vikirudi kimoja baada ya kingine, vyote vikipanda na vyote vikishuka. Fundi alikuja akasimama nyuma yangu na baiskeli yake.

"Na mimi nikipita na baiskeli," aliuliza, "uzi utaniona?"

"Hapana," nilisema. "Wewe ni mwepesi sana."

Alifikiri kidogo, akacheka, akaikaza mizigo yake kwenye kapu. Alikuwa anawahi kazi Munisagara, kujenga vyoo vya shule. Aliniaga, akavuka akikokota baiskeli pembeni ili malori yapate nafasi.